Unga upo, mkaa je?

Kwanza nieleweke, hii stoo yetu ya chakula siyo ya shirika wala haina mfadhili, ni ya kikundi cha vikoba, cha kuweka hisa na kukopeshana, cha wanawake hapa Ngamiani, Tanga mjini, na ilianza kama masihara tu. Anayejua vikoba anajua kuna ule mfuko wa jamii, pembeni ya hisa kila mtu anatia kidogo kila kikao, mwenzenu akifiwa au akilazwa hospitali ya Bombo mnachota humo mnampelekea. Sasa mwaka 2022 tukaanza kuona mtu anaomba hela ya mfuko wa jamii na hajafiwa, hajalazwa, hauguzi, ukimbana sana anakwambia kwa sauti ya chini jamani nyumbani hakuna kitu. Na katiba yetu ya kikundi haikuwa na kipengele cha njaa. Ilikuwa na msiba, ugonjwa, kujifungua, mpaka kuunguliwa nyumba kumo, ila njaa hakuna aliyefikiria kuiandika.

Mimi nauza maandazi na vitumbua asubuhi kwahiyo hizo bei nilikuwa nakutana nazo uso kwa uso kabla hazijafika kwenye redio. Mafuta ya kula yalikuwa yameshaanza kupanda tangu mwaka wa nyuma yake, vita ya Ukraine ilivyoanza Februari ngano nayo ikafuata, alafu petroli, Agosti ile ikavuka 3,400 kwa lita, na petroli ikipanda kila gunia linaloshushwa soko la Mgandini linapanda nalo maana kabichi haitembei kwa miguu kutoka Lushoto. Mchele tulikuja kuununua zaidi ya 3,000 kilo kuelekea 2023. Mteja wangu wa maandazi matano akawa wa mawili, wa mawili akawa anatuma mtoto aje aulize kama yale ya jana yapo nimpunguzie. Ukiuza vitafunwa njaa ya mtaa unaijua kabla ya mwenyekiti wa mtaa, wallahi.

Basi tukakubaliana kila mwanachama akija kikao aje na kitu mkononi, kilo ya unga, nusu ya maharage, chochote, kikae chumba cha uani kwa mweka hazina wetu. Chumba kikajaa haraka kuliko tulivyodhani. Watu wa mtaa waliposikia nao wakaleta, kuna muuza duka akatoa gunia la sembe, kuna mwalimu kaleta maharage ya soya ambayo mpaka leo hakuna aliyejua ayafanyeje. Tukawa tunafungasha tunapeleka nyumba kwa nyumba, unga kilo mbili maharage kilo mbili, tunarudi tumefurahi.

Sasa kuna bi mkubwa mmoja mjane analea wajukuu, mwenzetu akapita kwake baada ya siku kadhaa akayakuta maharage yapo vilevile kwenye mfuko, fundo halijafunguliwa, na watoto wamekula ugali na chumvi. Mwenzetu akaja kikaoni na maneno, oh tunawapa hawali, pengine anataka kuyauza. Mweka hazina, ambaye ni mtu mzima mwenye busara zake, akaenda mwenyewe akakaa naye akapiga stori mbili tatu, ndo yule bibi akamwambia, "Mwanangu, maharage mmenipa, Mungu awalipe. Na mkaa wa kuyachemshia nani kanipa?"

Jamani. Maharage makavu ni masaa mawili jikoni, yakiwa ya zamani yanaenda mpaka matatu, na mkaa siku hizo kisado kimoja ndo hela ya mboga ya siku nzima. Ugali unasonga dakika ishirini umemaliza. Kwahiyo yule bibi hakuwa mjinga wala mjanja, alikuwa anapiga hesabu sawasawa kabisa. Na tulipoanza kuuliza nyumba nyingine vizuri, siyo kwa kuhoji, kwa kukaa tu mkekani na kusikiliza, tukakuta kila nyumba ina kitu chake kinachokosekana na mara nyingi siyo unga. Huyu hana mafuta, huyu hana chumvi wala kiberiti, mwingine ana kila kitu ila sufuria limetoboka anaazima kwa jirani na jirani kaanza kununa. Kuna mama mmoja mwenye kisukari anatuambia kwa aibu kwamba ugali wa sembe kila siku unamwangusha, akipata choroko na matembele atashukuru zaidi.

Hapo ndo mimi nilipoelewa hii kazi. Kumlisha mtu wa mjini ni kujua jikoni kwake kukoje, gunia linakuja baadaye.

Tulichofanya ni hivi. Maharage tukaacha kuyagawa makavu. Kila Jumanne na Ijumaa tunaweka sufuria kubwa lile la shughuli uani, kuni za mabaki ya mbao tunapewa na fundi seremala jirani, tunayaloweka tangu usiku ili yawahi kuiva, tunayachemsha yote kwa mpigo. Mtu anakuja na kibakuli au ndoo ndogo anapimiwa yameshaiva, akifika kwake anatia nazi yake, au kitunguu tu na chumvi, robo saa kala. Mjini hapa maharage ya kuchemsha yanauzwa kila kona jioni, kwahiyo ukimwona mtu kabeba kibakuli cha maharage barabarani huwezi kujua kanunua au kapewa, na hilo nitalirudia maana ni kubwa. Stooni tukaongeza choroko maana inaiva upesi, dagaa, chumvi, viberiti, mafuta tunayanunua dumu tunapima kwenye vichupa, na mkaa. Mkaa umekuwa bidhaa namba moja. Wageni wanaotutembelea wanashangaa kuona stoo ya chakula ina magunia ya mkaa kuliko mchele, wengine wanahisi tunafanya biashara.

Na hapa niseme ukweli, wanaochangia wanapenda kuleta unga na mchele. Ndo chakula kinachoonekana. Hakuna mtu ameamka asubuhi akasema leo nipeleke chumvi kwa wenye shida. Siku hizi mtu akiniuliza alete nini namwambia hela, akikataa hela namwambia mkaa, akikataa mkaa basi alete dagaa.

Kutunza nako ni somo. Tanga mnaijua, joto na unyevu wa bahari, masika ikiingia Machi mpaka nguo kabatini zinanuka ukungu sembuse nafaka. Tuliletewa dona nyingi mara moja, na dona ni nzuri kwa mwili kuliko sembe, haina ubishi, ila ina kiini chake ndani chenye mafuta kwahiyo haikai, wiki chache tu inaanza uchungu. Sembe inavumilia. Tukaweka utaratibu dona ikiingia inatoka wiki hiyohiyo, sembe ndo ya akiba. Magunia yote juu ya chaga, mbali na ukuta, na cha zamani kinatoka kwanza hata kama kipya kiko mbele. Lilikuja gunia la mahindi kutoka shamba Handeni, mtoaji kalitoa kwa moyo safi kabisa, kulifungua mahindi yana ukungu wa kijani. Tukalizuia. Ubishi uliotokea siku hiyo sitausahau, mmoja anasema tuyaanike tukoboe, mwingine basi tuwape wenye kuku. Mimi nikawakumbusha ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, ile sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliyoua watu, karibu ishirini wale, na chanzo kilikuwa mahindi ya majumbani kwao wenyewe. Sumukuvu kupika hakuiondoi, na kuku nao inawaua. Tukafukia. Kufukia chakula wakati watu wana njaa kunauma we acha, lakini huwezi kumpa mtu sumu kwa sababu tu ni maskini na hatalalamika.

Machungwa ndo kituko. Msimu wa Muheza ukifika kila mtu anakumbuka stoo! Viroba kwa viroba, na wakati huo machungwa mjini yanauzwa bei ya kutupa kila mtu anayo. Tunayapeleka madrasa na shule za chekechea watoto wanamaliza. Pale Mgandini tumejenga urafiki na akina mama wa nyanya, jioni wanatuachia masalo, zile zilizolainika ambazo kesho hazitauzika, tunazibeba kwa baiskeli usiku huohuo tunazigawa, zisipoisha tunachemsha rojo. Vitu vibichi ukivilaza umevipoteza.

Mpwa wangu anayesoma chuo alinionyesha kwenye simu kumbe wenzetu Marekani hii kitu wanayo muda mrefu, kuna mtu anaitwa John van Hengel alianzisha benki ya chakula mji wa Phoenix mwaka 1967, na wazo alilipata kwa mama mmoja mwenye watoto kibao aliyekuwa anaokota chakula kilichotupwa nyuma ya maduka makubwa, yule mama ndo akasema ingekuwepo sehemu kama benki, mwenye nacho anaweka, mwenye shida anatoa. Nilifurahi sana kusikia wazo lilitoka kwa mwenye njaa mwenyewe. Kwetu pia akili zote nzuri zimetoka kwa waliokuwa wanapokea.

Kama hili la duka.

Kugawa nyumba kwa nyumba kulikuwa na tatizo ambalo sisi tuliokuwa tunabeba mifuko hatukuwa tunaliona, mtaa mzima unaona nani kapelekewa. Ngamiani nyumba zimebanana, vibaraza vinatazamana, ukipita na mfuko watu wanakufuata kwa macho mpaka mlangoni. Kuna mzee fundi baiskeli, kazi zilikuwa zimempotea maana vijana sasa hivi ni bodaboda tu, ingawa Tanga bado tuna baiskeli nyingi. Tulijua kwake hali mbaya. Tulimpelekea akatuamkua vizuri, akatukaribisha maji, alafu akasema pelekeni kwa wenye shida. Tukapeleka tena baada ya muda, ikawa hivohivo. Mkewe ndo akaja kwa mlango wa nyuma akasema, mume wangu hatakula chakula cha kuletewa, ila dukani anakopa, deni haoni aibu nalo, na sasa Mangi mwenye duka kamfungia daftari.

Tukaenda kwa huyo Mangi. Duka la mtaani mnajua lilivyo, kuna daftari, nusu ya mtaa mmo, mtu anafika anasema nipe unga kilo na sukari robo, niandikie, anaondoka. Tukamwambia sisi tutaweka hela kwako, na kuna majina tutakupa wewe peke yako, hao wakija wakisema niandikie, andika kama kawaida, ila ukurasa wao sisi ndo tunaulipa, kwa kiwango fulani kila wiki. Wateja wengine wanasikia niandikie ileile ya siku zote. Hakuna foleni, hakuna mfuko wa kikundi, na mtu anachagua mwenyewe, wiki hii mafuta wiki ijayo unga na sabuni. Yule mzee alipojulishwa na mkewe kwamba daftari limefunguliwa sijui alielewa au hakuelewa, hakuuliza. Anachukua. Na baiskeli yetu ya kubebea masalo ikipata pancha anaiziba na hela hapokei.

Sasa msije mkadhani ni rahisi hivo. Mangi ni mfanyabiashara, lazima umkague. Mweka hazina anapita kila mwisho wa wiki wanapiga hesabu pamoja, na tulishamkuta muuzaji mmoja (siyo huyu, na duka lake silitaji) anaandika kilo mbili ametoa moja, tukahama kimyakimya. Majina yanajulikana na watu watatu tu ndani ya kikundi, na mimi siyo mmoja wao na sitaki kuwa, maana nauza maandazi, nina mdomo, na nikijua nitamwangalia mtu tofauti hata nisipotaka.

Kuhusu picha. Alikuja mheshimiwa mmoja na watu wake, wana fulana na kamera, wamebeba mchele wa maana kabisa, wanataka walengwa wapange foleni wapokee mmoja mmoja. Tukawaambia pigeni picha magunia, pigeni picha sisi viongozi, hata mtuvalishe hizo fulana, ila wanaokula hawapigwi picha. Wakakataa wakaondoka na mchele wao. Kikaoni siku hiyo kulichafuka, kuna wenzetu walikasirika kweli na ninawaelewa, wiki ile stoo ilikuwa na chumvi na viberiti tu. Mimi bado naona tulifanya sawa. Ila nisingeweza kumwambia hivo mama ambaye wanawe walilala na uji siku hiyo, hilo nalo ni kweli.

Kitu kingine, njaa ina kalenda yake na kalenda ya wanaotoa ni nyingine kabisa. Wanaotoa wanatoa Ramadhani, na wenzetu Wakristo Kwaresma na Krismasi. Mwaka 2024 Kwaresma na Ramadhani ziliangukia mwezi Machi kwa pamoja, mbona stoo ilifurika, tende, tambi, unga wa ngano, mpaka sukari watu walitoa na sukari yenyewe ndo ilikuwa inatafutwa kwa tochi, mvua za El Niño zimekwamisha miwa mashambani, viwanda vimezalisha kidogo, kilo inauzwa 4,000 mpaka 5,000 na bei elekezi ya serikali ipo ukutani tu. Idd ikafika, fitri, ile sadaka ya chakula ya kumaliza mfungo, zikatoka, pishi kwa kila kichwa, kilo mbili na nusu hivi, watu wakala wakashiba. Mei stoo nyeupe. Tangu hapo tunafanya akiba ya lazima, vikavu vinavyoingia Ramadhani nusu vinafungiwa visiguswe mpaka Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, ipite, na wanaotaka kutoa fitri yao wanaipeleka kwa imamu maana hiyo ina masharti yake, hatuichanganyi na akiba.

Njaa yenyewe inakuja lini? Januari, hilo kila mtu analijua, ada za shule za serikali mpaka kidato cha nne hakuna tangu 2016 lakini sare, madaftari, viatu na michango midogomidogo vipo. Upepo wa kusi ukivuma sana katikati ya mwaka, vyombo vidogo haviendi mbali. Na kuna moja ambayo mtu wa bara huwezi kuijua, mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu taa haifanyi kazi, boti zinalala. Kule Sahare akina mama wanaochemsha na kuanika dagaa hawana kazi siku hizo zote, na wanalipwa kwa siku. Kwahiyo kila mwezi kuna wiki yao ya ukata inayojulikana kabisa tarehe zake, unaangalia tu juu usiku. Sisi sasa tunaongeza hela dukani wiki hiyo, hatusubiri mtu aje kulia. Na wao giza likirudi wanatuletea dagaa, wakati mwingine wengi kuliko tulichowapa.

Wanachama wetu wenyewe wamo kwenye orodha, nadhani, kwa jinsi mweka hazina anavyonyamaza tukiuliza. Mtu anachangia mwezi huu mwezi ujao anachukua. Mwanzoni hilo liliwakera baadhi ya wenzetu, wanasema sasa hii ni sadaka au ni vikoba? Mimi naona ndo maana haijafa. Vikundi vingi vya kusaidia watu nilivyoviona mjini hapa vilikufa pale waliokuwa wanatoa walipochoka, sisi anayechoka anakuwa mpokeaji alafu anarudi.

Mjadala uliopo mezani sasa hivi ni wa vijana. Wanaoshinda kijiweni, hawana kazi, wengine wanakunywa, wengine mambo yale mengine ambayo Tanga tunayajua na yanatutoa machozi. Orodha yetu ni ya kina mama, wazee, wenye watoto. Kijana wa miaka ishirini na tano mwenye nguvu zake hayumo. Lakini wanakuja Jumanne na Ijumaa wanasimama mbali na sufuria, hawaombi, wanasubiri waone kama yatabaki. Wenzangu wengi wanasema tukiwapa tunawalemaza, na wakizoea watatufukuzia kina mama. Mwenyekiti wetu anasema wapewe ila wapasue kuni na wabebe maji. Mimi naona kuni wapasue, sawa, lakini asiyepasua naye akija na kibakuli apimiwe, maana sijawahi kumwuliza bi mkubwa yeyote kafanya kazi gani kabla sijamwekea. Tunakutana Jumapili baada ya alasiri, na kama kura zitalingana mweka hazina ndo ataamua, na yeye mpaka sasa hajasema yuko upande gani.